Mama Yake Tonny kwenye Meza ya Marehemu

Bur Dubai,
Jumamosi, 8 Novemba 2025.

Kwa dada yangu mpendwa Lynette,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Fridah. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mvua ya huko Keroka haijaharibu tena njia ya kwenda sokoni. Kitinda mimba ameshaota meno? Mimi sijambo wa mwili. Joto limepungua, siku hizi tunaweza kutembea mchana bila kulowa jasho.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Umenifungia namba yako tangu tulipomzika mama, au niseme tangu mlipomzika, maana mimi sikuwapo. Ndiyo maana barua hii nimempa Dorah, yule binti wa Nyamira anayetuandalia chai ofisini. Anakuja likizo, na nimemwomba asitoke kwako mpaka uisome yote.

Ulisema mbele ya waombolezaji kwamba nimemtupa mama kwa ajili ya Dubai. Maneno hayo yalinifikia kabla matanga hayajaisha. Sikukujibu kwa sababu hata mimi nilikuwa sijui ukweli wote. Sasa naujua, nawe utaujua, na pia utajua nilichofanya baada ya kuujua.

Kazi yangu unaifahamu. Ofisi yetu inauza safari, na mimi ndiye ninayeandika kurasa za kuwashauri wateja waende wapi kwa sikukuu gani. Oktoba ya mwaka jana nilipewa sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka marehemu wao. Tuna wateja wengi wa huko, familia za mainjinia wanaokaa hapa Dubai, mtaa wa Silicon Oasis. Niliandika kwamba anayetaka kuiona vizuri aende Oaxaca, ambako watu hupeleka chakula na mishumaa makaburini na kukaa na wapendwa wao. Au aende Pátzcuaro, avuke ziwa hadi kisiwani akakeshe na wenyeji. Anayependa shamrashamra aende Mexico City kutazama gwaride, na mwenye viza ya Marekani anaweza kwenda San Antonio. Nilikuwa naandika sehemu ya Pátzcuaro uliponipigia kuniambia mama ametuacha. Ilikuwa Alhamisi.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Sir Mubin, meneja wetu, ambaye hufungia pasipoti zetu kabatini mwake. Hakunikatalia. Alisema nimpe dakika chache, kisha akamwita Tonny. Ndiyo, Tonny wetu, mtoto wa jirani, ambaye hapa ni msimamizi wangu. Mama ndiye aliyemshonea sare ya kidato cha kwanza kwa mkono wake, akampimia suruali mara tatu kwa sababu alikuwa akirefuka kila juma. Nilimwona akiingia nikapumua, nikajua sasa nimepata shahidi.

Nilipoitwa ndani niliambiwa nilete kwanza cheti cha kifo. Unakumbuka nilivyokusumbua na cheti kile, ukaudhika kwamba namdai mama karatasi badala ya kumlilia. Cheti hakikutoka kwa wakati; hata kibali cha mazishi kilipatikana Ijumaa ya juma la pili, na Jumamosi mkamzika. Nilitazama kwenye simu, binamu akinionyesha kwa simu yake huko, na mtandao ukakatika mlipoanza kutia udongo. Jioni hiyo Tonny alikuja kunipa pole. Alinishika bega akaniombea mpaka machozi yakamtoka. Siku tatu baadaye alipanda ndege kuwasindikiza wateja Oaxaca. Akaturushia picha akicheka katikati ya mishumaa kwenye makaburi ya watu, wakati kaburi la mama yangu mimi sijalikanyaga.

Nilimwamini karibu mwaka mzima, Lynette. Niliketi naye benchi moja kanisani.

Agosti nilikwenda na Dorah kununua vitambaa, yeye akimtafutia mama yake leso. Akachagua moja ya samawati, akaanza kulia katikati ya duka. Akaniambia kwamba siku ile alikuwa ameingia na sinia la chai kwa Sir Mubin, na alimsikia Sir akiuliza kama ni kweli nimefiwa na mama. Tonny alijibu hivi: “Sir, kwetu kila dada ya mama huitwa mama. Fridah ana mama wanne.” Sir akacheka, akasema khalas, yaani basi, alete cheti kwanza. Dorah alinyamaza miezi yote hiyo kwa kuogopa kazi yake. Sikumlaumu. Sababu ya Tonny ilikuwa ndogo kabisa: kama ningesafiri, yeye angebaki kushika meza yangu na asingeiona Oaxaca.

Nilirudi ofisini nikamsalimia kama kawaida. Nilikuwa na hasira ya kumtafuna mtu, lakini niliitafunia ndani nikasubiri.

Mwaka huu Sir aliamua wateja waandaliwe sherehe hotelini, tarehe mosi Novemba, ili wazione safari za mwakani. Tonny akapewa kuisimamia kwa kuwa sasa anajiita mtaalamu wa Meksiko kwa ajili ya safari moja. Ilitakiwa meza ya marehemu kama wanavyoweka wao: ngazi tatu zilizofunikwa vitambaa, maua ya rangi ya machungwa, mikate, chumvi, maji ya kunywa, na picha za waliokufa. Mteja wetu Bi. Ofelia alikuwa amenifundisha vizuri mambo hayo. Aliniambia aliye hai hawekwi pale hata kwa mzaha, na kwao kumweka ni kama kumwitia kifo. Nilipotaka kumweleza Tonny, alinikatiza. Alisema hayo ni mapambo tu, nichapishe picha yoyote ya mzee mwenye sura nzuri, nijaze nafasi.

Basi nikachapisha ya mama yake. Niliitoa kwenye ukurasa wake, ile aliyoiweka Mei akimtakia maisha marefu, amevaa kilemba cheupe cha kanisani. Niliitia fremu hapa hapa Bur Dubai, nikaiweka ngazi ya juu kabisa na kikombe cha chai ya maziwa mbele yake. Yeye aliifanya maiti ya mama yangu iwe hai. Mimi nikamlaza mama yake miongoni mwa wafu. Nilifurahi, dada, sitakuficha. 

Bi. Ofelia alifika akaniuliza yule mama ni wa nani, nikamwambia ni wa Tonny. Akamwendea akamkumbatia akilia, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake kumpa pole. Tonny alitoa macho tu. Sir Mubin akaja kumuuliza kwa nini hakusema amefiwa, naye akapata sauti, akasema mama yake ni mzima, hajafa. Bi. Ofelia alirudi nyuma akamtazama kama mtu aliyejisaidia kanisani. Familia zote za Kimeksiko zikachukua mikoba zikaondoka kabla hata chakula hakijafunuliwa. Sir alikuwa mwekundu kwa hasira. Tonny akaninyooshea kidole, na Sir akaniuliza mbele ya watu kama mama huyu yu hai au amekufa.

Nikamwambia, “Sir, kwetu kila dada ya mama huitwa mama. Labda ni mmoja wao.”

Tonny aliinamisha kichwa. Hapo ndipo alipojua kwamba najua.

Ningeishia hapo, ningekuandikia barua ya kucheka. Lakini kuna jambo ambalo huko nyumbani hamjalijua, na ninalisema kwa kinywa changu. Wote mnaulizana nani aliyetuma picha ya meza ile kwenye kundi la simu la kijiji, bila neno hata moja. Ni mimi. Niliituma kwa laini mpya, kisha nikaitupa laini. Nilitaka Tonny apigiwe simu na watu mia wakimlilia mama aliye hai, ajue pole isiyo na mahali pa kukaa ni kitu gani.

Sikufikiria kwamba wanawake wa kanisa wangekwenda nyumbani kwa mama yake moja kwa moja wakiimba na kulia. Dorah ameambiwa na dada yake kwamba mama yule alikuwa shambani akichuma majani chai. Akasikia vilio vikitoka uani kwake, akajua ni Tonny amefia Arabuni. Akaanguka pale pale. Mpaka leo amelazwa Kisii na upande wa kushoto hauinuki.

Jumatano Tonny aliomba likizo. Sir, ambaye sasa hamwamini hata akisema jua limechomoza, aliniita mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa kijijini kwao pekee ofisini. Akauliza kama ni kweli mama yake anaumwa. Nikampa jibu lile lile, neno kwa neno. Akasema Tonny alete barua ya hospitali, iliyogongwa muhuri, ndipo atafungua kabati.

Jana Tonny alinifuata jikoni. Nilidhani atanipiga. Alisimama tu mlangoni, akaniambia kwamba siku ya mazishi, mtandao ulipokatika, mama yake alisogea kaburini akainama mara mbili: akatupa konzi moja ya udongo kwa ajili yake mwenyewe, na ya pili akasema ni ya Fridah.  Amesema uongo juu ya mama mmoja, anaweza kusema uongo juu ya mwingine.

Wewe ulikuwa pale, Lynette. Ulisimama kichwani mwa kaburi. Mwaka mzima umeninyima sauti yako, na sasa hakuna mtu mwingine ninayeweza kumuuliza. Fungua namba yangu uniambie kama alitupa konzi ile. Kama alitupa, nitakwenda kwa Sir asubuhi hiyo hiyo nimwambie ukweli wote, hata kama ataniweka kwenye ndege pamoja na Tonny. Kama hakutupa, au ukiamua kuendelea kuninyamazia, basi Tonny akae hapa amtazame mama yake kwenye simu, kama nilivyomtazama wangu.

Dorah amebeba pia fremu ile. Mpe mama yake Tonny mkononi, wala usimwambie ilikuwa wapi.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na mwambie mchungaji nimepata salamu zake. Umwagilie maua ya mama kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako, ninayeiweka simu mezani tangu leo,

Fridah Moraa.