Mtani kwenye Msiba wa Mama

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Muheza hatujambo, ila babu yako amepaka mlango rangi ya buluu bila kuniuliza, na anangoja nimsifu.

Sasa huyo mchungaji wenu wa Dodoma. Mwezi haujaisha tangu tumzike mumeo, anakuambia Mkristo hufurahi katika mateso, nawe unaniuliza mbona huwezi. Amenichosha kabla sijamwona. Yesu alilia kaburini kwa Lazaro, tena akijua atamfufua.

Mama yangu alipofariki nilikuwa msichana. Katekista naye akaniamuru nifurahi, nikamnunia. Ndipo akaingia mtani wetu, kavaa kanga ya marehemu, anachechemea kama yeye, anawafokea waombolezaji kwamba wamemaliza sukari. Mama yuleyule. Nilicheka machozi yakinitiririka, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaweza kusali. Majonzi hayakuondoka. Furaha ilikuja ikakaa nayo.

Basi lia, mjukuu wangu. Jumamosi mtoto wa yule mtani anakuja kwako. Mdomo wa baba yake ameurithi. Nimempa lile shati alilolisahau mumeo hapa kwetu.

Bibi yako