Kona ya Mama Zaituni

Mjukuu wangu Nambozo,

Natumaini huko Namatala mmeamka salama. Mimi mgongo unanisumbua, lakini bado nabeba nyaya. Mjomba wako amepata chumba hapa Nalufenya, karibu nami.

Umeniuliza uanze na nini unapopangia ofisi nyaya za intaneti. Nilipokuwa na nguvu, tulipeleka kabati la mitambo katika ofisi moja hapa Jinja. Fundi alichagua kona kavu, karibu na umeme. Palikuwa na mkeka. Mama Zaituni, Mnubi aliyewapikia chai wafanyakazi wa ofisi ile, alikuwa akiswalia hapo.

"Wewe mama, toa hii kitu," nikamwambia kwa ukali.

"Ndiyo, afande," akajibu, akaukunja.

Sijawahi kuwa askari. Alinijibu kama watu walivyowajibu wenye bunduki. Adhuhuri nilimkuta akiswali nje, kando ya mapipa ya taka, nikainamisha kichwa. Kona nyingine kavu ilikuwepo, ila kabati tulikuwa tumeshalifunga ukutani.

Pima kuta, mjukuu wangu, lakini kwanza uliza nani hukaa pale. Nilifanya kazi ofisini mle wiki nzima, nikanywa chai yake, na hata pole sikumwambia.

Babu yako,
Wepukhulu