Jina la Schneider, Baba, Sikulifuta

Baba,

Jumatano iliyopita niliapishwa. Sasa mimi ni raia wa Marekani, na kwenye cheti wameandika Naomi Schneider. Najua silo jina uliloniagiza. Siku nne zote nimekuwa nikitafuta namna ya kukueleza, mwisho nimeona nikuandikie tu, mambo yote, kama yalivyotokea.

Unakumbuka ile Jumapili tulivyoongea kwa simu? Nilikuwa jikoni hapa Riverdale Park, kadi ya simu inakaribia kuisha. Sauti yako ilikuwa imeshaanza kuchoka. Ukasema, "Naomi, siku ya uraia watakuuliza kama unataka kubadili jina. Lifute hilo la Mjerumani. Tumia langu, Elia." Nikajibu, "Nitalifuta, Baba." Kadi ikakata. Wiki tatu baadaye nilikuwa Lushoto, nakuzika.

Niliporudi nikajaza fomu ya uraia, na pale penye jina jipya nikaandika Naomi Elia. Sikusita. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelichoka. Hapa nikiitwa kliniki, "Schneider!", nesi ananiangalia, kisha anatazama nyuma yangu kama kuna mzungu anakuja. Siku nilipokwenda kuangalia nyumba ya kupanga, mwenye nyumba alifungua mlango akaniuliza Bwana Schneider yuko wapi.

Lakini agizo lako lilikuwa zito kuliko hayo, na nilijua kwa nini. Nilikuwa kidato cha pili niliporudi nyumbani nalia, kwa sababu msichana mmoja alisema darasani kwamba bibi yetu mkubwa aliwekwa kinyumba na mlowezi wa Kijerumani, ndipo jina likaingia. Ulikuwa unasahihisha madaftari. Ukaweka kalamu chini. "Inawezekana," ukasema. "Hatujui. Baba yangu hakupenda kuulizwa." Ukaokota kalamu, ukaendelea kusahihisha. Hatukulizungumza tena. Shule nzima ilikujua kama Mwalimu Elia, basi.

Sasa nikueleze kilichotokea Rockville.

Pale kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi waliniongezea mgonjwa mmoja, Bibi Hilde, Mjerumani aliyekuja nchi hii akiwa msichana. Uzee ulikuwa umemwondolea Kiingereza, kikabaki Kijerumani. Siku ya kwanza alisoma beji yangu kifuani, akatabasamu, akasema, "Ah, Schneider!" Kesho yake nikakuta sweta lake limekunjwa vizuri kitandani, kifungo kimekatika. Akanipa. "Schneider," akasema. Nikamshonea. Siku iliyofuata ikawa sketi, pindo limefumuka. Halafu soksi. Baba, nikaanza kukasirika. Nilidhani ananifanya mtumishi wake, na kwa jina lile tena. Siku moja nilimrudishia blauzi bila kuishona, na uso wangu haukuwa mzuri. Bibi wa watu akaanza kulia.

Mwanawe wa kiume alikuja Jumamosi, nikamweleza kwamba mama yake ananipa kazi isiyo yangu. Alisoma beji, akajishika kichwa. "Samahani sana. Mama anadhani hiyo ni kazi yako, si jina lako. Schneider maana yake fundi cherehani."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Akanieleza kwamba kwao zamani kijiji kimoja kilikuwa na akina Johannes kumi, na karani au padri asingeweza kuwatofautisha, hivyo aliandika jina na kazi: Johannes mhunzi, Johannes msaga nafaka, Johannes fundi cherehani. Watoto wakarithi ile kazi kama jina, hata wale ambao hawakuwahi kushika sindano.

Nilimaliza zamu, nikapanda basi, nikapitiliza kituo changu. Kichwani nilikuwa na swali moja tu: na sisi je?

Nikampigia Shangazi Eliza. Mwanzoni alikuwa mkali. "Mambo hayo ya nini, na kaka yangu ameshalala?" Kisha akapoa, akasema bibi yenu Marta alikuwa na mkasi mkubwa wa chuma sandukuni, na walipotaka kuuchukua wakakatie majani alikuwa mbogo. Hakuna aliyejua ni wa nini. Nikamwomba aende kwa mchungaji, aulize kama vitabu vya ubatizo vya wakati wa Wajerumani bado vipo.

Vipo. Shangazi alinipigia baada ya wiki mbili, akanisomea herufi kwa herufi, maana ni maandishi ya Kijerumani. Siku moja walibatizwa Yohana wanne. Wa kwanza ana neno Zimmermann baada ya jina lake. Nimeuliza, ni seremala. Wa tatu ni wetu: "Yohana Shemkala, Schneider." Baba, jina letu lilikuwa Shemkala. Schneider ilikuwa kazi yake. Aliwashonea watu wa misheni. Kurasa kadhaa baadaye, kwa mwandiko mwingine, wamemwandika babu: Petro, mtoto wa Yohana Schneider na mkewe Marta. Shemkala halipo tena. Mtu aliyekuwa akinakili aliruka neno moja, basi.

Hakuna mlowezi. Shangazi anadhani Waingereza walipoingia, babu Petro aliona jina la Kijerumani ni la kuficha, akanyamaza, na watu wakajaza ule unyamavu kwa maneno yao wenyewe. Alipomaliza kusema hayo alilia mpaka akashindwa kuniaga.

Kinachoniuma ni hiki. Kile kitabu kilikuwa kwenye kabati la kanisa ulilosali kila Jumapili ya maisha yako. Hatua chache kutoka kwenye benchi lako. Na wewe, mtu wa vitabu... Sikulaumu. Ungeogopa kufungua, hata mimi ningeogopa. Lakini inauma.

Nilimsimulia mjukuu wako Neema. Ana miaka tisa sasa, anaelewa Kiswahili chote na anajibu Kiingereza kitupu. Aliuliza kama babu huyo aliwahi kushona gauni. Nikamwambia sijui. Akachora gauni, akaandika chini yake Yohana, akalibandika mlangoni kwake.

Siku ya usaili wa uraia, afisa alifungua faili langu akasema, "Uliandika unataka kuitwa Naomi Elia. Bado unataka?" Nilikuona wewe, na kalamu yako. Nikasema, "Hapana. Acheni kama lilivyo." Akapiga mstari. Nilitoka nikakaa kwenye kituo cha basi, nikasema kwa sauti, peke yangu, "Nisamehe, Baba."

Nilifikiria pia kuchukua Shemkala. Labda Neema atalichukua akikua, na nitamwachia achague. Mimi nimebaki na hili kwa sababu ni kazi ya mikono ya mtu wetu, ingawa aliyeiandika alikuwa Mjerumani. Labda ungenikatalia. Ungekuwa na haki, maana wewe ndiye uliyelibeba lilipokuwa baya.

Bibi Hilde bado yupo. Vifungo vyake nashona.

Desemba nitakuja na Neema. Mchungaji amekubali kutuonyesha ule ukurasa. Nitaunakili kwa mkono wangu, bila kuruka neno, kisha tutapanda hadi kaburini na nitakusomea kwa sauti, majirani wote wakisikia. Hilo nakuahidi, na hili silivunji.

Pumzika, Baba. Hukuwa mjukuu wa Mjerumani. Ulikuwa mjukuu wa fundi cherehani.

Mwanao,
Naomi