Nyekundu Iko Juu

Jumanne, Kimilili

Nyekundu iko juu. Nimechora upinde wa mvua kwa kuta za nasari tano na sijawahi kukosea. Leo mwalimu mkuu wa hii ya sita ananiambia, "Fundi, umeupindua. Nyekundu ikae chini. Futa."

Kazi ya siku mbili, ati nifute! Nilikataa, ingawa niliogopa ataita fundi mwingine.

Saa kumi na moja mvua ikakatika, upinde ukatokea upande wa Kitale. Nikamwita nje. "Si unaona, madam? Nyekundu juu!"

"Juu wapi? Angalia vizuri."

Kumbe alikuwa anaangalia upinde wa pili, ule hafifu uliokaa juu ya ule mkubwa. Na kweli, nyekundu yake ilikuwa chini.

Sifuti kitu. Kesho namchorea wake juu ya wangu.