Urea Zizini kwa Mama Keziya

Jumanne, 4 Juni 2024
Leo tumefukia mabua ya mpunga nyuma ya zizi la mama Keziya, hapa Ngonga. Mabua kilo mia, urea kilo nne, maji lita hamsini, turubai juu, udongo. Wiki tatu. Mama Keziya ni mjane, ana ng'ombe mmoja tu wa maziwa, na ndiye pekee aliyenikubalia.
"Mbolea, dokta? Ale ng'ombe?"
Mimi si dokta — afisa mifugo tu, wa kutoka Bukoba — lakini hapa hawasikii. Nikamweleza: tumboni mwa ng'ombe kuna vijidudu, ndivyo vinavyoigeuza urea kuwa protini. Akauliza vinafananaje. Sijawahi kuviona!

Jumanne, 25 Juni
Tumefungua. Harufu! Machozi yalinitoka. Mabua yamegeuka njano iliyokolea, laini kama yamechemshwa. Tukayaacha yapigwe upepo. Ng'ombe kanusa, kageuka.

Ijumaa, 28 Juni
Kala! Tulichanganya na pumba kidogo. "Ndaga fijo," mama Keziya akamshukuru ng'ombe, si mimi.

Jumatano, 3 Julai
Lita nne za maziwa zimekuwa tano na nusu. Nimepima mara mbili, siamini. Ni vijidudu kweli, au mabua tu yamelainika? Mzee Ezroni, jirani, alikuja tumeshafunika shimo. Akauliza tunaweka nini. Urea, nikamjibu, nikawasha pikipiki. Nilikuwa nawahi kikao.

Jumapili, 7 Julai
Kanisani sijaenda. Ezroni amekoroga urea kwenye ndoo ya maji, akamnywesha ng'ombe wake. Hivyo hivyo!
"Si ulisema urea?"
Ng'ombe amelala chini, anatetemeka, mate yanamwagika, tumbo limejaa. Siki! Mama Keziya alikimbia kwa wauza chipsi pale senta, akarudi na chupa sita. Nikashika kichwa, Ezroni akamimina. Kisha maji baridi, ndoo nzima.

Saa tano asubuhi. Naandika nikiwa zizini kwa Ezroni. Amecheua hewa mara mbili. Mtetemeko umepungua. Hajasimama.
Ezroni amekaa chini kwenye samadi, mkono ubavuni mwa ng'ombe. Anauliza, bila kuniangalia, siki inafanya nini huko ndani. Nimemweleza yote, polepole: urea nyingi kwa mkupuo huwa sumu tumboni, siki huipunguza makali, mabua huifyonza taratibu, ndiyo maana tunasubiri wiki tatu. Ameniomba nirudie. Nimerudia.
Ng'ombe anakusanya miguu. Ya nyuma imeinuka — ya mbele bado —