Mtihani wa Yengi na Kaburi la Mjomba

Mvara, Arua
Ijumaa jioni

Dada yangu Keji, mama wa Suzan,

Nakusalimu kwa mikono miwili, huu wa kuandikia na ule wa kushikilia karatasi, maana upepo wa hapa Mvara leo hauna adabu. Kifua kimekuachia? Suzan bado anaota meno ya mbele, au ameshaanza kuuma watu nayo? Na miguu ya shangazi Paska imeacha kuvimba? Mimi ni mzima. Mdogo wetu Yengi naye ni mzima, ila amekonda kidogo, kama kawaida ya mtu anayesoma vitabu kwelikweli.

Kuhusu mimi usiwe na wasiwasi hata kidogo. Katika watoto wote wa Koboko waliokuja Arua kusoma, hakuna aliyezaliwa na bahati kama yangu, na hapo simsemi mtu vibaya. Mimi nimetembea. Juba nimekaa, Ariwara nimeuza vitenge, Kampala nimepotea na nikajipata mwenyewe. Kote huko watu hunipenda kabla sijafungua mdomo. Chuo nacho ni vilevile. Unakumbuka nilivyokueleza: nilipokosa mtihani kwa ajili ya msiba wa mjomba Natale, mwalimu wa takwimu alinitungia mtihani wa peke yangu, akanikalisha ofisini kwake chini ya feni, akaniletea soda baridi, na nilipomaliza akanipa pole na kuniambia nikusalimie. Tangu siku hiyo wakubwa wa chuo wananiita kwa jina. Mwaka huu namaliza, navaa joho, nawe utakaa mstari wa mbele.

Sasa nije kwenye ujumbe uliompa Santo, yule dereva wa gari la Koboko. Amenifikishia neno kwa neno. Amesema kaburi la mjomba linajengewa simenti Jumanne hii, padri ameshaambiwa, mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba, na wazee wanataka tofali la kwanza liwekwe na mtoto wa dada yake marehemu, kama ilivyo kwetu. Amesema mimi niachwe nimalize mitihani yangu ya mwisho, ila Yengi aje, kwa sababu yuko mwaka wa pili na hana haraka. Santo akaongeza kwa sauti yako kabisa, mpaka nikacheka, kwamba mtihani wa Yengi wa Jumanne usimtie mtu hofu: kama walimtungia Swaka wa peke yake, watashindwaje kumtungia ndugu yake?

Dada, hapo ndipo kicheko kilipokatika. Nakuomba kwa heshima zote, Yengi asije. Na ninakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa simu yako huwa unaiweka sauti kubwa, mimi nikikohoa Mvara, Mariam Poni ananipa pole kutoka kibanda cha pili sokoni. Haya ninayotaka kusema usimsomee mtu kwanza. Soma polepole, peke yako.

Najua watu wa Koboko wanavyofikiri juu ya chuo. Wanafikiri ni mahali pa kukaa kivulini na kuzungumza Kiingereza. Basi nikueleze. Chumba anacholala Yengi kilijengewa watu wawili, wanalala wanne, na wa tano ni jamaa ya Lado, mmoja wa hao wanne, ambaye alisema anapita tu. Mama mwenye hosteli, Prossy, hufungua tangi la maji anapokumbuka, na hakumbuki mara nyingi. Ukitaka kuoga unabeba jeriken kutoka kisima cha kanisa na kusimama nyuma ya wanawake wa mtaa, ambao wanakuuliza kama huko chuoni hamfundishwi kuchimba kisima. Umeme hukatika Yengi akifungua kitabu na hurudi wenzake wakitaka muziki. Ugali wa posho na maharage kila siku ya Mungu, na katika maharage kuna wadudu wenye elimu kuliko mimi, maana wao hawajawahi kutoka chuoni.

Darasani ndiko kabisa. Wanafunzi wako wengi kuliko viti, kwa hiyo kijana msomi unamwona asubuhi anavuka uwanja na kiti kichwani kama mama anayekwenda gulioni. Amekiiba darasa lile, na darasa lile wataiba kwingine. Mwalimu mmoja walimwona mara ya kwanza muhula ulipoanza, tangu hapo anatuma masomo kwenye simu, kurasa nyingi, na mtu wa simu ya kitochi aende kuomba kwa rafiki. Kazi za kikundi zina majina mengi juu na mfanyakazi mmoja chini, na huyo mmoja huwa ni Yengi, kwa sababu hajui kukataa. Halafu ratiba. Ratiba ya mitihani inabandikwa ukutani, watu wanaipiga picha, kesho yake imebadilishwa, na ukikosa unaambiwa ilikuwa ukutani.

Yote hayo mtu anavumilia. Yengi anavumilia bila kelele. Nakueleza ili ujue kila mtihani anaoufikia amelipia nini njiani, na kwa nini ukimpotea mmoja si kama kukosa gari la asubuhi ukapanda la mchana.

Sasa turudi mwaka juzi, siku ulipopiga simu. Ulikuwa unalia, sikuelewa mpaka shemeji Soro aliposhika simu na kuniambia mjomba hayupo tena. Ulipoirudisha uliniambia njoo, wapwa wake wengine wako Sudan, Yengi bado yuko sekondari, nani atachimba. Sikufikiri mara mbili. Mjomba Natale alitulea baba alipokufa jeshini, alininunulia viatu vya kwanza, na siku aliponichapa kwa ajili ya pikipiki yake alilia yeye, si mimi. Nilikuja. Ulinipa jembe mwenyewe. Nilichimba mpaka ule udongo mwekundu wa chini, na nilipotoka shimoni ulinipangusa uso kwa leso yako. Hilo silijutii leo, wala sitalijuta.

Mtihani wa takwimu ulikuwa asubuhi ya mazishi. Nami, dada, na safari zangu zote, nilifanya kosa la mtoto wa nyumbani. Nilirudi Arua kesho yake na viatu vilevile, udongo wa kaburi umekaukia juu yake, sikuupangusa makusudi. Nilidhani ule ndio ushahidi. Maana kila mahali nilikopita ndivyo ilivyo: ukifika kizuizi cha askari na kusema natoka kumzika mjomba, nimechimba mimi, kamba inashushwa na mtu anakuvulia kofia. Hata pale mpaka wa Congo, ambako hawamvulii mtu kofia, niliwahi kupitishwa hivyo.

Mlangoni askari wetu wa chuo, mzee wa jeshi la zamani, alivitazama viatu akaelewa. Akaniambia pole mwanangu, pita, mutu ya kaburi hatuulizi kitambulisho. Nikajua mambo yameisha. Kumbe yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza. Ofisini nilimkuta mama mmoja, si mbaya, alinipa kiti. Akaniomba karatasi ya daktari kwamba marehemu amekufa. Nikamwambia mjomba alifia kitandani kwake, na tuliojua amekufa ni sisi tuliomwosha. Akaandika kitu. Kisha akauliza ni nani wangu. Nikasema mjomba. Akafungua kitabu cha kanuni akanisomea: baba, mama, mume, mke, mtoto. Basi. Nikamwambia mama, kwetu mjomba ni mama mwenye ndevu, huyu si jirani. Akacheka kidogo, akasema anaelewa, hata kwao ni hivyo, ila kanuni haimjui mjomba.

Nikamfuata mwalimu wa takwimu. Alikuwa anaingia kwenye gari lake. Akaitazama miguu yangu, akasema pole sana, atanisaidia, nisubiri mtihani huo utakapokuja tena mwaka ujao, ni mmoja tu, si kitu. Akaondoka.

Nilikuwa nimesimama palepale, vumbi la gari halijatulia, simu ikalia. Ulikuwa wewe. Ulisema hukulala. Ulisema umetambua kwamba uliniita siku ya mtihani, watu wamekuambia umeniharibia masomo, na kama ni hivyo mjomba mwenyewe hatakusamehe. Sauti yako, dada, ilikuwa ya mtu anayetaka kuingia kwenye lile shimo. Ningesema nini? Nilikuambia wamenitungia mtihani wangu peke yangu. Ukauliza kweli? Nikaongeza feni. Ukauliza tena, nikaongeza soda. Hapo ukacheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, nikamsikia shangazi Paska akiuliza kuna nini, nawe ukamwambia mwalimu amempa Swaka soda. Ningerudi nyuma wapi baada ya hapo?

Mwaka uliofuata nilikwenda kuufanya ule mtihani. Nilikuwa nimesoma, na mtu akikuambia Swaka hakusoma mwambie amwulize Yengi, ndiye aliyekuwa akiniuliza maswali huku anapika. Nikaambiwa masomo yamepangwa upya. Somo lile limetolewa. Mwalimu wake amehamia chuo kingine. Nikauliza, sasa nifanye mtihani gani? Wakaniambia huo haupo. Nikauliza, nimalize basi bila huo? Wakasema haiwezekani, bado nadaiwa mtihani huo. Nikatumwa ofisi moja, nikatumwa nyingine, ya tatu wakanirudisha ya kwanza. Mwishowe wakasema nianze upya mwaka wa kwanza na mpango mpya. Nilitoka nje nikakaa chini ya ukuta wa ratiba.

Sikurudi tena ndani. Naendesha boda, dada. Pikipiki ni ya Swadiki, kituo chetu ni hapo njia panda ya Mvara, na wateja wangu ni wanafunzi. Nawafikisha mlangoni wakiwa na kalamu zao mkononi, yule askari mzee ananipigia saluti, nageuza. Ulichokuwa ukinitumia kwa jina langu nilikipeleka chote kwenye masomo ya Yengi, hilo unaweza kumwuliza.

Yengi anajua kila kitu. Usimkemee. Nilimwapisha kwa jina la mama asiseme. Na hili ndilo lililonifanya nitafute karatasi leo. Nimemkuta mchana huu anafunga begi la kuja Koboko. Nikamwambia wewe unajua hakuna atakayekutungia mtihani, uliona yaliyonipata, unakwenda wapi? Akaendelea kukunja shati. Akasema dada ameita. Nikamwambia mkatalie. Akasema nikimkatalia ataniuliza kwa nini Swaka alipewa na mimi ninyimwe, nami nitamjibu nini bila kukutaja? Akafunga zipu. Akasema bora nipoteze mtihani mimi kuliko wewe upoteze uso nyumbani.

Nilitoka nje nikajifanya natazama tairi. Nimezunguka nchi tatu, dada, na sijawahi kujiona mdogo namna ile.

Kwa hiyo sikiliza. Jumanne Yengi anakaa kwenye kiti chake, hata kama ni cha kuiba, na kuandika. Begi lake nimelifungua mwenyewe na kulifungia chumbani kwangu. Tofali la mjomba nitaliweka mimi. Nilichimba mimi, acha nijenge mimi. Sina mtihani unaonizuia Jumanne wala siku nyingine. Nitafika Jumatatu na pikipiki ya Swadiki, nibebe mchanga na maji kama utanihitaji. Wazee wakitaka kuuliza, waniulize mimi mbele ya kaburi, wasikuulize wewe. Na wakicheka, wacheke, nitawasaidia pale watakapochoka.

Neno moja tu kwako. Usije ukarudi kule kwenye lile shimo. Uliniita kumzika mjomba wetu, na hukukosea. Kesho akifa mtu wetu, niite tena. Lakini Yengi mwache amalize, tuwe na mmoja.

Msalimie shangazi Paska, mwambie miguu aiweke juu ya kigoda. Msalimie Soro, na Mariam Poni, ambaye najua ataipata habari hii hata ukiila karatasi. Suzan mpe busu la mjomba wake kwenye shavu lisilo na meno. Barua hii Santo ameahidi kuiweka mkononi mwako asubuhi, na nimemwambia asiigeuze kufungia karanga.

Ile bahati niliyoanza nayo kujisifu, dada, haikuwepo. Hakuna mtihani wa peke yangu, hakuna feni, hakuna soda, hakuna joho. Nilikudanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Swaka