Sura Yako Kwenye Mfuko wa Mkate

Mwaka umetimia, mwanangu, tangu moyo wako usimame ukiwa mbele ya tanuri, na sisi huku tumeshakuwekea chai.

Ulikuwa mwoka mikate. Ulirudi asubuhi nyusi zimejaa unga, ndiyo maana mtaa mzima ulikuita Mzee Unga. Mikate iliyobonyea uliifunga kwenye kitambaa, ukawagawia watoto njiani. Bosi wa zamani alijua, akakuachia.

Kisha akaja yule kijana wa idara ya masoko, anayevaa viatu bila soksi. Ukambatiza Bwana Brendi. Kila akifungua mdomo ni maudhui, ni targeti, ni thamani ya brendi. Akasema mkate uliobonyea ukionekana mtaani unaichafua brendi, utupwe pipani. Ukatii, baba, ungefanyaje na watoto wanataka kula. Siku hiyo ulipita njia ya nyuma, usionane na wale wadogo.

Machozi ya msiba wako hayajakauka, tukakuona kwenye mfuko wa mkate, unatabasamu. Chini wameandika: "Mkate wa Mzee Unga, rafiki wa watoto." Rafiki! Nikaenda ofisini kuomba wakuondoe. Bwana Brendi akanikalisha kwenye kiti laini.

"Bibi, stori yake inagusa watu. Sasa yeye ndiye balozi wetu."

Nikamuuliza ni balozi gani huyo ambaye hakuulizwa kama anautaka ubalozi. Akanijibu kwamba kampeni bado inafanya vizuri, akanipa mikate miwili. Niliiacha mezani kwake.

Ungekuwepo ningekutegea kitendawili: amezikwa, na bado yuko zamu. Ungeshindwa, ungenipa mji, ukacheka. Mimi sicheki.

Maana watu wakishakula mkate, mfuko wanautupa. Nimekuona mtaroni. Nimekuona chini ya gurudumu la baiskeli. Basi naokota. Nakata sura yako kwa mkasi, naifuta matope, naiweka kwenye kopo la biskuti. Kopo limejaa, sasa nimeanza ndoo. Wanaoniletea zaidi ni wale watoto wako wa njiani.

Jirani, ukiuona mfuko huo chini, tafadhali usimkanyage. Tuletee.

Wanaokukumbuka ni mama yako, mkeo, dada yako mshonaji, na wanao wawili, ambao hawagusi mkate tena. Hutasahaulika kwetu, Mzee Unga. Tutakuokota siku zote.